Dawa ya Joto

Kwetu Bashay kuna baridi, kwa hiyo neno joto hatukuwa na kazi nalo. Nyumbani tulizungumza Kiiraqw, na Kiswahili kilitufikia kwa mafungu, kila fungu na mtu wake: cha Mungu kilikuja na katekista, cha michango kilikuja na mtendaji wa kijiji, cha ng'ombe kilikuja na bwana mifugo. Bwana mifugo ndiye aliyetuletea joto. Alisimama mbele ya mkutano wa kijiji akaeleza dalili za joto kwa ng'ombe jike: hatulii, analia, anapanda wenzake, anatoa ute. Alieleza kwa mdomo na kwa vitendo, mpaka wanawake waliokuwa wamekaa karibu na baba wakwe zao wakajifunika khanga usoni. Mama yangu alilishika neno hilo siku hiyo, pamoja na maana yake hiyo moja. Kwake joto lilikuwa jambo la ng'ombe. Jua likichoma, alikuwa na maneno yake ya nyumbani ya kulisemea.

Natanguliza hilo ili tukifika mbele msije mkamwona mama yangu mjinga. Mjinga wa habari hii yupo, anakuja sasa hivi, na amevaa tai.

Nilikuwa nimerudi kutoka Arusha na cheti cha kompyuta cha miezi sita. Baba alitoa dume moja, likageuka kuwa kompyuta ya mtumba, printa na meza, nami nikafungua steshenari mjini Mbulu, chumba kimoja ambacho kibarazani kwake alikaa fundi cherehani. Ulikuwa wakati mzuri wa kufungua. Mkoa wa Manyara ulikuwa umezaliwa juzi tu, na kila shule, kila kikundi cha akina mama na kila kamati ya maji ilikuwa na karatasi za barua zilizoandikwa Mkoa wa Arusha. Kazi yangu kubwa ilikuwa kufuta Arusha na kuandika Manyara. Kwa hilo nilijiona kama mkoa nimeuzaa mimi. Nilivaa tai hata siku za mnada, na mtu akiniita fundi nilinuna, nikitaka aseme mtaalamu.

Baba hakuielewa biashara yangu ila kwa upande wa dume. Kila nilipokwenda nyumbani aliniuliza, "Dume langu linaendeleaje?" Nikimwambia linaendelea vizuri, anauliza kama linakula. Nikimwambia linakula umeme, anatikisa kichwa kwa huruma.

Mama alikuwa na ng'ombe mmoja wa kwake. Wengine wote zizini walikuwa wa baba, lakini huyu mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, alitokana na mtamba ambao mama alipewa na mama yake mzazi alipoolewa. Hata baba alimwita "ng'ombe ya mama yenu". Shida ni kwamba kwa zaidi ya mwaka ng'ombe huyu hakushika mimba. Maziwa yalikauka, na zile dalili za bwana mifugo hakuna aliyeziona hata moja. Baba akasema ng'ombe wa kula tu hafugwi. Mnada wa mwisho wa mwezi atakwenda. Mama hakubishana. Alianza tu kumpelekea chumvi na majani ya maharage bila kumwambia mtu, na jioni alimsimamia pale zizini akimtazama. Mimi niliyaona hayo yote, na ninasema kweli, hayakunigusa. Nilikuwa na shida yangu.

Shida yangu ilikuwa kwamba dume langu lilianza kuzimika. Unaliwasha, linakaa dakika kumi, linazima lenyewe, na Mkoa wa Manyara unapotea hapo hapo kabla sijauhifadhi. Nikalifungua ubavu. Ndani nilikuta vumbi lote la barabara ya Mbulu. Sasa, kwa wasiojua: prosesa ni kibati kidogo cha mraba chenye vijimiguu vingi chini yake, na ndicho kinachofikiri. Kikifikiri kinachemka. Juu yake hubandikwa chuma chenye feni, na kati ya kibati na chuma hupakwa ute wa kijivu unaopitisha lile joto kwenda juu. Ute wangu ulikuwa umekauka kama ukoko wa ugali. Mtu mwenye subira angeiwasha mashine ipate moto kidogo, ute ulainike, ndipo akizungushe kile chuma taratibu. Mimi nilikamata feni kwa mikono miwili nikavuta. Ikatoka na prosesa yake, na vijimiguu vya upande mmoja vyote vikalala.

Nilikaa chini nikaitukana Arusha, cheti, na mwalimu aliyenifundisha. Fundi cherehani aliniuliza kibarazani kama nimeshonwa kidole.

Nilikuwa na rafiki niliyesoma naye, aliyebaki Arusha kwenye duka la vipuri. Jumapili nilikuwa nyumbani, na nyumbani mtandao wa simu ulipatikana juu ya kichuguu nyuma ya zizi, na ukinyoosha mkono mmoja ulipatikana zaidi. Nikapanda na tai yangu. Ule ute tulifundishwa jina lake kwa Kiingereza, lakini simu za wakati ule zilikuwa hazipitishi Kiingereza. Nilipolitaja alisikia mara tambi, mara tembe. Nikakata tamaa nikapiga kelele.

"Dawa ya joto! Ile ya tyubu! Joto! Jo-to! Ya kupaka, kidogo tu, inafanya kazi hapo hapo!"

"Ahaa!" alisema. "Dawa ya joto! Nakutumia kwa basi, pamoja na prosesa. Na maelezo nakuandikia, maana nakujua."

Hatua kumi chini yangu mama alikuwa amechuchumaa akikamua ng'ombe wa baba. Aliacha kukamua. Hilo nililiona, nikadhani amechoka.

Kifurushi kilifika Alhamisi, siku ambayo mimi nilikuwa nimekwenda kupeleka karatasi za barua shuleni. Kondakta alimwachia fundi cherehani. Alhamisi hiyo hiyo mama alikuwa mjini kuuza vitunguu saumu, akapita kunisalimia, akaona kifurushi chenye jina la mwanawe. Akakifungua. Ndani kulikuwa na kibati chenye miiba, ambacho alikiweka mezani vizuri, na bomba dogo la plastiki, mfano wa yale ya bwana mifugo ila halina sindano, limezungushiwa karatasi. Mama alisoma kwa kufuata mstari na kidole, kama alivyozoea kusoma kitabu cha nyimbo. Karatasi ile ninayo mpaka leo. Inasema:

"DAWA YA JOTO. Kwanza safisha pale juu mpaka pang'ae. Weka katikati kiasi cha punje ya mchele. Usisambaze kwa kidole. Funika, kandamiza taratibu, funga pande zote mbili. Ikilia mara moja, imekubali. Ikilia mfululizo, nipigie."

Inayolia hapo ni kompyuta, inapowashwa. Shuleni nilichapwa kwa kusema "ng'ombe imelia" badala ya "amelia". Lakini kwetu ng'ombe wote hulia hivyo. Hakuna mtu Bashay aliyewahi kumpa ng'ombe ngeli ya watu. Karatasi ile kwa mama haikuwa na neno hata moja la kutilia shaka.

Niliporudi, fundi cherehani aliniambia, "Mama yako kapita. Amesema Mungu akubariki sana. Alikuwa anafuta machozi."

"Ni vitunguu," nikasema, nikaingia ndani. Nikaikuta prosesa, dawa hakuna.

Nikampigia rafiki yangu nikamwita mzembe. Akaapa ameiweka kwa mkono wake, na kwamba ilikuwa tyubu ya mwisho dukani, mzigo mwingine mpaka ushuke kutoka Dar es Salaam. Nikamwita kondakta mwizi, ingawa yeye mwenyewe hakuwepo. Nikamshuku hata fundi cherehani, nikawa nachungulia mashine yake ya kushonea kama imepakwa kitu. Mwishowe nikakumbuka kwamba Arusha tulisikia watu wakisema dawa ya meno nayo inasaidia kwa muda. Nikaikalisha prosesa mpya, nikaipaka dawa ya meno. Mashine iliwaka. Ilikaa dakika arobaini, na steshenari nzima ikanukia kama bweni saa kumi na mbili asubuhi. Mwalimu mkuu mmoja aliyekuwa anasubiri barua zake alinusa mara mbili, akaniuliza kwa upole kama huwa naipigisha mswaki kila siku.

Jumamosi nilikwenda nyumbani nimenuna. Njia nzima nilikuwa napanga namna ya kumlalamikia mama juu ya watu wa mabasi. Nilipofika uani niliona kwanza ng'ombe mwekundu. Alikuwa amesimama peke yake karibu na mlango wa zizi, kiuno kimeoshwa kwa sabuni mpaka kinameta, juu yake gunia lililokunjwa, na gunia limefungwa kamba kupita chini ya tumbo, pande zote mbili, kama mgonjwa aliyetoka hospitali. Nikalinyanyua gunia kidogo. Katikati kabisa ya kiuno, haikuzidi wala haikupungua, palikuwa na kidoa cha kijivu cha kiasi cha punje ya mchele.

Nilisimama pale nikiwa nimeshika pembe ya gunia. Nitasema nilivyojisikia: nilitaka kupiga kelele mpaka wasikie Dongobesh. Dawa yangu! Iliyosafiri kutoka Arusha! Iko mgongoni mwa ng'ombe!

"Usiiguse, baba!" Mama alitoka jikoni mbio, mikono ina unga. "Shikamoo hujanipa na umeshaanza kufunua. Imeandikwa ifunikwe."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu ndani, baba yako anakungoja."

Ndani kulikuwa na kuku. Mama hakuwa na desturi ya kuchinja kuku bila mgeni wala sikukuu. Nilinawa, nikakaa, na mama akatenga chakula, na hapo akafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona katika nyumba ile. Firigisi, ambayo tangu nipate akili ilikuwa ya baba, aliitoa kwenye bakuli akaiweka kwenye sahani yangu. Baba aliifuata kwa macho tangu inatoka mpaka inatua.

"Huyu ndiye aliyenikumbuka," mama alimwambia. "Wote mlikuwa mnanyamaza. Huyu kakaa huko mjini, kaagiza dawa mpaka Arusha kwa ajili ya ng'ombe yangu, na wala hakujisifu. Nimemsikia kwa masikio yangu juu ya kichuguu akipiga kelele kama kichaa. Mungu akubariki, mwanangu."

Machozi yalimtoka, na safari hii hapakuwa na kitunguu. Mimi nilikuwa na firigisi mdomoni. Firigisi ni kitu kinachotafunwa kwa muda mrefu, na nilishukuru.

Baba alinitazama. Baba yangu hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini akikuuliza jambo alikuwa anauliza kweli.

"Mnada ni wiki ijayo," akasema. "Nilishasema inakwenda. Mama yako anasema nisubiri, kuna dawa. Mimi dawa hiyo siijui. Wewe ndiye uliyesoma. Inafanya kazi?"

Hapo ndipo nilipobanwa. Nikisema kweli, tyubu inarudi mfukoni mwangu saa ile ile, Jumatatu mashine inafanya kazi, na wiki ijayo ng'ombe wa mama anakwenda mnadani, na mama anajua kwamba mwanawe hakumkumbuka hata kidogo. Nikinyamaza, mimi na dawa ya meno. Ningependa kuandika kwamba niliamua papo hapo kama mwanamume. Sikuamua. Nilitafuna. Nilimtazama baba, nikamtazama mama aliyekuwa ameshika ncha ya khanga yake akisubiri mdomo wangu ufunguke, nikameza.

"Inafanya kazi," nikasema.

"Inachukua muda gani?"

"Mwezi."

"Mwezi," baba akarudia. Akafikiri. "Haya. Mnada huu ipite. Unaofuata, kama haijakubali, hata kama dawa imetoka Ulaya, inakwenda." Kisha akanyoosha mkono akachukua paja.

Baada ya chakula nilimvuta mama pembeni. Nikamwambia kwa sauti ya kitaalamu kwamba dawa ile inatakiwa kutunzwa mjini, mahali pasipo na moshi. Mama alikuwa ameshaitunza: imo ndani ya kisanduku chake cha bati, katikati ya kitabu cha nyimbo na vitenge vyake vya sikukuu, na ufunguo umefungwa kwenye pindo la khanga.

"Haitoki mpaka ikubali," alisema. "Kama hii ya kwanza ikikataa, nitaiongeza punje nyingine. Si uliandikiwa?"

Basi nikarudi mjini kuendelea na dawa ya meno. Mashine ilikaa dakika arobaini, halafu naizima ipoe, nafungua, napangusa, napaka tena. Nilijifunza kuchapa kwa kasi ambayo cheti changu hakikuitaja. Na kila Ijumaa jioni nilikuwa Bashay, maana sasa ng'ombe yule na mimi tulikuwa na jambo moja: asipolia, tyubu haitoki. Nilikaa juu ya kichuguu asubuhi na jioni na tai yangu, nikimkodolea macho. Nilimletea majani kwa mikono yangu. Nilimkuna chini ya shingo. Nilimwambia maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu, nikimwomba alie. Nyumba nzima ilikuwa hivyo hivyo. Hata baba, akijifanya anakagua ua, alikuwa anasimama na kutega sikio. Bwana mifugo alikuwa ametuambia siku nyingi kwamba joto la ng'ombe wengine ni la kimya na linapita haraka, linataka mtu wa kuangalia, lakini nani alikuwa na nafasi ya kumwangalia ng'ombe? Sasa tulikuwa tunamwangalia wanne, ukijumlisha na mbwa.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, siku ya tisa au ya kumi hivi tangu apakwe. Tulikuwa tumevaa nguo za kanisani. Ng'ombe mwekundu akanyanyua kichwa, akalia.

Wote tukasimama kama tulivyokuwa, mama na kiatu kimoja mguuni.

"Ngapi?" akanong'ona.

"Moja," nikasema.

"Imekubali!"

Ng'ombe akalia tena. Akalia mara ya tatu. Akaanza kuzunguka zizi na gunia lake, akilia bila kituo, akajaribu kumpanda ndama wa baba.

Uso wa mama ukabadilika. "Inalia mfululizo," akasema. "Imeandikwa ikilia mfululizo umpigie. Mpigie!"

"Mama, hiyo ndiyo..."

"Panda kichuguu, mpigie!"

Nikapanda. Nikanyoosha mkono. Rafiki yangu alipokea akiwa bado amelala.

"Inalia mfululizo!" nikapaza sauti, maana mama alikuwa chini yangu ameniinulia macho.

"Mfululizo mfupi au mrefu?"

Nikasikiliza. "Mrefu."

"Basi kuna kitu hakijakaa vizuri ndani. Ichomoe memori, uipanguse, uirudishe mpaka iingie kabisa."

"Anasemaje?" mama akauliza.

Nikaziba simu. "Anasema tukaite dume."

Dume la jirani lililetwa kabla ya kengele ya pili. Kanisani hatukwenda, katekista alipita njiani akatuona wote watatu tumejipanga kwenye ukuta wa zizi na nguo zetu za Jumapili, akasimama, akaona tunachokitazama, akaendelea na safari. Gunia lilifunguliwa. Ng'ombe alisimama ametulia. Mama alisema "imekubali" taratibu sana, na mchana ule, firigisi ingalikuwepo, nadhani baba angenipa mwenyewe.

Mimi nikadhani sasa nitapewa tyubu. Wapi! Mama alisema kukubali dume ni jambo moja na kushika ni jambo lingine. Zipite wiki tatu bila kurudia. Basi mambo yakageuka. Sisi tuliokuwa tunaomba alie, sasa tukawa tunaomba asilie. Akipumua kwa nguvu, mama anasimama. Akipiga chafya, baba anauliza, "Hiyo ni nini?" Mimi niliacha hata kumkuna shingo, nisije nikamchokoza.

Huku mjini habari zilikuwa zimenitangulia. Watu wa minada wana miguu, na maneno yao yana miguu zaidi. Siku moja aliingia steshenari mzee mmoja mfugaji, mrefu, shuka begani, fimbo mkononi, akasema ametoka Balangdalalu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Naambiwa hapa iko dawa ya joto."

"Imekwisha, mzee. Ilikuwa moja tu."

Akaitazama kompyuta kwa muda mrefu. Ilikuwa imefunguliwa ubavu, na mimi nilikuwa na kijiko cha dawa ya meno mkononi. "Ndiyo hii inayoitengeneza?" akauliza. Nikasema hapana. Akanusa, akacheka kidogo, akatoka bila kuniamini, na kwa wiki nzima fundi cherehani alikuwa akiwaelekeza wafugaji mlangoni kwangu kwa makusudi.

Siku ya mnada ikafika. Nilikuwa nyumbani, nilisema nimekuja kuchukua mahindi, uongo mtupu. Baba aliamka, akachukua kamba, akaenda zizini. Mama alibaki jikoni akipepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa. Hakutoka nje. Nilimwona akiurudia mchele ule ule kwenye ungo, na hapo, nikiwa nimechelewa mwezi mzima, ndipo nilipomwogopea kweli. Si kwa sababu ya tyubu. Nilimwogopea yeye.

Baba alisimama mbele ya ng'ombe mwekundu na kamba yake. Zilikuwa zimeshapita siku ishirini na moja tangu dume lije. Alisubiri. Ng'ombe alicheua. Baba alimzunguka, akamwinua mkia, akamtazama, akaja tena mbele. Ng'ombe alimeza, akacheua lingine. Hakutoa sauti. Baba aliitundika kamba kwenye kijiti chake, akapita mlangoni pa jikoni bila kusimama.

"Haijarudia," akasema. "Hii ibaki."

Mama aliangusha ungo. Mchele wote ulikwenda chini, na kuku walikula vizuri siku ile kuliko mimi.

Alhamisi iliyofuata mama alikuja mjini na vitunguu vyake, na kwenye pindo la khanga alikuwa na tyubu. Aliiweka mezani mwenyewe. "Nimesikia kwa fundi kwamba na mashine yako ni mgonjwa, na dawa yake ni hii hii," akasema, akakaa kwenye kiti cha wateja kuangalia.

Nilichomoa kila kitu nianze upya. Nilipangusa mabaki yote ya dawa ya meno. Nilinyanyua kijiwaya cha pembeni kinachobana prosesa, nikaitazama ile pembe yake yenye alama, nikailinganisha na alama ya kwenye kitako chake, na safari hii sikuisukuma. Niliiachia tu, ikazama yenyewe bila sauti, miguu yote mahali pake. Nikashusha kijiwaya. Mama alikuwa amejisogeza mpaka bega lake linagusa langu.

"Safisha pale juu mpaka pang'ae," akasema.

"Nimesafisha, mama."

"Punje ya mchele. Hiyo ni kubwa."

Nikapunguza.

"Usisambaze kwa kidole."

"Sisambazi."

"Funika. Taratibu! Haya, kandamiza. Funga pande zote mbili."

Nilifunga pande zote mbili. Sijawahi kabla wala baada kufunga prosesa vizuri namna ile. Nikachomeka umeme, nikabonyeza. Feni ikazunguka, na mashine ikalia. Mara moja.

Mama alipiga kigelegele, fundi cherehani akaruka kwenye kiti chake, na mteja aliyekuwa kibarazani akaingia kuuliza nani ameoa.

Alipotulia, aliishika ile tyubu akaigeuza geuza. Ilikuwa bado imejaa karibu yote. Akaitazama mashine, akaitazama dawa ya meno iliyokuwa dirishani, akanitazama mimi.

"Mwezi mzima ulikuwa unapaka hiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na dawa ninayo mimi, nimeifungia sandukuni."

"Ndiyo."

Nilijua wakati wa kusema ndio huu. Ng'ombe amebaki, kamba iko kijitini, hakuna cha kuharibika tena ila mimi. Nilifungua mdomo kumwambia kwamba siku ile juu ya kichuguu sikuwa nimemkumbuka hata kwa bahati mbaya. Lakini yeye alikuwa bado anaishika tyubu, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyejikuta amekosea.

"Mwanangu," akasema, "inataka punje moja tu. Mbona hukuniomba?"